Asubuhi Zangu za Kimya Saluni

Chumba cha nyuma, saluni kwangu,
Jumapili alasiri, mwishoni mwa Mei.

Mpendwa Kitinda, mdogo wangu wa mwisho,

Pokea salamu nyingi kuliko nywele za mteja ambaye hajachana mwezi mzima. U hali gani? Mgongo umenyooka? Baridi ya huko imelegea kidogo, au bado unavaa soksi mbili mbili? Unakula vizuri, au bado unakula ukiwa umesimama kama mtu anayeachwa na gari? Sisi huku ni wazima wa afya. Safari hii neno hilo "wazima" naliandika polepole, nikilionja, maana nina sababu. Kaa kitako usome. Mwisho wa habari ni mzuri. Nakuambia mapema ili usiruke kurasa kama ulivyokuwa ukivifanyia vitabu vya shule.

Barua yako ilifika na nimeisoma mpaka imelegea mikunjo. Unasema mchana upo ghalani unapanga makasha, jioni unasafisha maofisi, na katikati ya hayo yote hofu ya mkataba wako kutoongezwa inakutafuna. Kisha ukaandika hivi: "Dada, sala zangu zimebaki amina tu, mwanzo wake unamezwa na usingizi." Nilicheka, nikalia kidogo, ndipo nikatafuta kalamu.

Kwanza nikuondoe donge la simu. Ulipiga ukachoka, ukaandikiwa kwamba simu yangu ina kasoro. Simu ilikuwa nzima, ndugu yangu. Koo ndilo lililokuwa na kasoro. Mimi mwenyewe niliwakataza watu wa nyumbani wasikuambie, maana nakujua. Ungeacha kazi zote mbili na kuja mbio, halafu tungekuwa na wagonjwa wawili.

Unakumbuka jinsi sauti ya mama ilivyoanza kukwaruza, tukamtania kwamba amemeza kikwaruzo cha nazi? Basi na yangu ilianza hivyo hivyo. Nikasema ni mafua. Nikasema ni vumbi. Nikanywa tangawizi, nikanywa asali, nikala ndimu mpaka meno yakauma. Mficha maradhi kifo humuumbua, nalijua neno hilo, na wateja wangu huwa nawaambia kila siku. Lakini nani alikuwa na nafasi ya kwenda hospitali? Asubuhi saluni, mchana saluni, jioni kwaya, baada ya kwaya kikao cha akina mama, na nyumbani watoto wanasubiri kuulizwa kama wameoga. Nilikuwa nazunguka kama feni. Sasa ndipo najua kwamba nusu ya kule kuzunguka ilikuwa kukimbia. Kila niliposimama kidogo, nilikuwa nasikia koo la mama.

Halafu siku moja kwenye mazoezi ya kwaya nikafungua mdomo kuanzisha wimbo, na hakuna kilichotoka. Hata mkwaruzo. Watu wakadhani nafanya mzaha, kwa sababu wananijua. Mimi mtu ambaye tangu utotoni mmeniita Redio, eti sina kitufe cha kuzima. Shemeji yako ndiye aliyeniangalia usoni akajua. Kesho yake alinipeleka hospitali bila kuniuliza.

Daktari wa koo ni binti mdogo, mpole, ana miwani inayoteleza. Alinipitishia puani mpira mwembamba wenye kamera, akatazama kwenye kioo chake. Kisha akasema kuna uvimbe juu ya uzi wa sauti, lazima ukatwe, na kinyama kipelekwe kupimwa kijulikane ni cha aina gani.

"Mpaka hapo, mama, usiseme neno," aliniambia. "Hata kunong'ona. Kunong'ona kunachosha koo kuliko kusema."

Shemeji yako akauliza, "Daktari, unamjua huyu unayemwambia hivyo?"

Hapo ndipo kimya changu kilipoanza. Na kwanza nikuchekeshe. Je, unajua kwamba ukiwa huwezi kusema, watu hudhani pia husikii? Yule mwenzangu wa saluni tunayemwita Twiga kwa urefu wake alianza kunipigia kelele karibu na sikio: "DADA! UNATAKA KITANA KIPI? HIKI? AU HIKI?" Nami nipo hapo hapo, masikio yangu mazima kama ya paka. Jirani yetu mshona viatu alikuja kunipa pole kwa ishara za mikono, mpaka nikafikiri anafukuza nzi. Nyumbani nilipiga makofi mara moja kumaanisha "njooni mle" na mara mbili kumaanisha "nimewaona, acheni". Watoto walijifunza upesi kwamba mama akiwapa mgongo hana tena mamlaka.

Saluni nilijitundikia kadi shingoni: "Nimekatazwa kusema. Karibu sana." Nilidhani wateja watanikimbia, maana nilikuwa naamini wanafuata mazungumzo yangu. Wapi! Yule wakili wetu, mama wa mahakamani, aliketi, nikaanza kumsuka, akaongea, akaongea, akapunguza, akanyamaza, kisha akalala usingizi wa kitoto kichwa kikiwa mkononi mwangu. Alipoamka alisema, "Leo nimepumzika. Usipone haraka." Baada ya hapo walianza kuja wengine kutafuta kimya kile. Miaka yote, kumbe watu walikuwa wananivumilia!

Lakini hayo yalikuwa ya mchana. Asubuhi ilikuwa habari nyingine.

Nilikuwa nawahi kufungua saluni kabla ya Twiga, kwa sababu nyumbani macho ya watu yalinichosha. Naingia, narudisha mlango, naketi kwenye kiti cha draya ile ya kona iliyokufa, ile kofia yake kubwa inanifunika kichwa kama chungu. Nikasema moyoni, mdomo umefungwa, basi nitaomba kwa akili. Kitinda, usidhani mtu akifunga mdomo kelele zinaisha. Ndani yangu kulikuwa na soko. Nilimwomba Mungu, nikamsihi, nikamwahidi, nikabishana naye, nikampangia kazi kama ninavyompangia Twiga: kwanza fanya hiki, halafu kile, na usisahau kile kingine. Kila nilipotua kupumua, hofu ilidakia: na watoto je? Na kama ni uvimbe ule uliomchukua mama? Nami naanza tena, mbio mbio. Asubuhi baada ya asubuhi ilikuwa hivyo, na nilitoka pale nimechoka kuliko nilivyoingia.

Halafu ikaja asubuhi moja maneno yakaniishia. Sikuamua kutulia, usije ukanipa sifa ambazo si zangu. Yaliisha tu, kama maji yanavyoisha bombani: yakakoroma, yakadondoka, yakakauka. Nilibaki nimekaa. Mikono juu ya mapaja. Nikasikia sinki la kuoshea nywele likidondosha tone. Nje mfagiaji wa barabara alikuwa anaburuta fagio lake. Nikasikia pumzi yangu ikiingia na kutoka, mimi ambaye sijawahi kusikia pumzi yangu tangu nizaliwe, kwa sababu nimekuwa nikiitumia.

Na nikajua siko peke yangu.

Nitakueleza vipi? Hakuna sauti iliyosema. Hakuna mwanga. Unakumbuka ulivyougua surua, homa ikapanda mpaka ukawa unaongea na ukuta? Sisi wengine tulikuwa tunahangaika na vitambaa na maji. Mama aliketi chini mwisho wa kitanda, akakushika mguu. Hakukuambia "usiogope". Hakukuimbia. Alikushika mguu tu, na wewe ukaacha kuweweseka, ukalala. Ulikuwa mdogo, labda hukumbuki, lakini mimi nilisimama mlangoni nikaona. Basi ilikuwa vile. Ilikuwa kama kuna aliyekuwa ameketi pale muda wote huku nikimpigia kelele, akisubiri nichoke, na nilipochoka akanishika mguu.

Hofu haikuondoka, nisikudanganye. Ilikuwa bado pale, nimeiona. Ila kabla ya siku hiyo ilikuwa mwenye nyumba, na sasa ilikuwa mgeni aliyekaa karibu na mlango.

Machozi yalinitoka, na huku nacheka kwa mabega, bila sauti. Twiga akafungua mlango akanikuta hivyo, kichwa ndani ya draya iliyokufa, uso umelowa, meno yote nje. Akaangusha mkoba. "DADA! UNAUMWA WAPI?" Nikamwonyesha kidole gumba. Akaniangalia, akavuta kiti, akaketi, akasema kwa sauti ya kawaida kwa mara ya kwanza tangu ninyamaze: "Haya. Tukae kidogo."

Tangu siku ile niliwahi saluni kwa hamu. Sio kila asubuhi ilikuwa tamu. Nyingine nilikaa pale nikawaza bei ya mafuta ya nywele mwanzo hadi mwisho. Nyingine nilisinzia. Lakini nilijifunza kwenda na kukaa, kama mtu anavyokwenda kwa mzazi wake bila shida yoyote ya kumpelekea.

Sasa nikuambie la shemeji yako. Unamjua. Mtu wa kufunga pampu za maji, siku nzima anazungumza na mabomba, akirudi nyumbani maneno yake ni "chakula kipo?" na "nimeshiba". Nilikuwa nasema kwa niaba yetu sote. Niliponyamaza, nyumba ikamwangukia yeye. Akajibu simu, akasuluhisha ugomvi wa watoto, akaenda shuleni kuzungumza na mwalimu. Aliporudi alisema amechoka kuliko kuchimba kisima.

Jioni moja watoto wameingia ndani, tumekaa tu mezani, vyombo havijatolewa. Nilikuwa siwezi kujaza kimya, basi kimya kikakaa nasi. Naye akaanza kuzungusha kikombe. Akazungusha. Akasema, "Mke wangu, mimi naogopa."

Nikamtazama.

"Naogopa sana. Mama yenu alivyoondoka nilikuwepo. Nilimbeba mimi kumpeleka kwenye gari, alikuwa mwepesi kama koti. Nikikuangalia shingo naona ile safari. Sijawahi kukuambia, kwa sababu ningekuambia ungesema 'usijali', na mimi ningenyamaza."

Kitinda, kweli ningesema. Neno "usijali" lilikuwa limeshafika kooni, na koo halikulipitisha. Nikasogeza kiti, nikamshika mkono wenye grisi, tukakaa. Alilia, mtu mzima yule, na mimi nikalia. Hatukutatua kitu chochote. Lakini yule niliyezoea kumkuta asubuhi saluni alikuwa pale mezani, katikati ya sahani za maharage. Baadaye shemeji yako alijipangusa uso, akasema, "Kumbe ukinyamaza nyumba ni kubwa." Nikampiga kofi la bega.

Siku ya upasuaji ilipofika sikuwa shujaa. Nilipolazwa kwenye kitanda cha magurudumu, kile kinacholia nyii nyii nyii korido nzima, moyo ulinidunda mpaka nikadhani wauguzi wanausikia. Nilitafuta ule utulivu wangu, sikuuona. Nikajiambia, basi, usitafute. Wewe kaa tu. Nikahesabu chochote? Hapana. Nikaomba? Hapana. Nililala pale kama mtoto aliyebebwa mgongoni, asiyejua njia wala kuiuliza. Muuguzi wa dawa ya usingizi akainama akasema, "Mama, mbona unatabasamu?" Sikuweza kumjibu, na nikaona ni afadhali, kwa sababu ningeharibu.

Kisha tukasubiri majibu. Hapo ndipo penye kazi, mdogo wangu, kuliko kisu. Kidonda kinauma na kinapona, lakini majibu yako mahali fulani kwenye meza ya mtu, nawe hujui. Mikono yangu ilitaka kufanya kila kitu. Nilifua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Nikaanza kupanga upya kabati la vikombe, mpaka mwanangu mkubwa akanishika kiuno kutoka nyuma, akaniongoza hadi kwenye kochi kama mkongwe, akasema, "Mama, kaa na mtu wako." Nilikuwa nimewaandikia watoto habari za asubuhi zangu, kumbe walisoma. Nikakaa na mtu wangu.

Siku ya majibu shemeji yako alivaa shati la harusi za watu. Daktari aliingia, miwani ikateleza, akairudisha, akasema: "Ni uvimbe wa kawaida. Wa watu wanaotumia sauti sana. Si ule mnaouogopa, na umetoka wote."

Shemeji yako akasimama. "Daktari, rudia."

Akarudia.

"Rudia tena, polepole, huyu ashike."

"Baba, yeye ameshika," daktari akacheka. "Ni wewe."

Kisha akanigeukia mimi. Akasema koo limefunga vizuri, sasa naweza kujaribu, taratibu, neno lolote nitakalo. Nilikuwa nimeandaa hotuba, Kitinda! Wiki zote zile nilikuwa nimeipanga, ina utangulizi, ina shukrani kwa kila mtu, ina hata utani juu ya miwani ya daktari mwenyewe. Nikafungua mdomo, nikasema, "Asante." Ikatoka nyembamba kama kifaranga aliyekanyagwa. Shemeji yako alicheka mpaka akajishika ukutani. Daktari akasubiri, akasema, "Endelea, mama, unaruhusiwa." Nami nikaona sina cha kuongeza. Nilikuwa nimesema yote.

Sauti imerudi, usiogope. Imerudi na uzito kidogo, imenishusha kutoka sauti ya kwanza hadi ya pili kwenye kwaya, na mwalimu wa kwaya anasema sauti ya pili sasa ina mgongo. Watoto wanalalamika kwamba makofi yalikuwa afadhali. Twiga bado anapiga kelele, nadhani ameshazoea.

Sasa narudi kwako na ile amina yako isiyo na mwanzo. Sikuambii uache kazi, najua unavyozihitaji. Sikuambii hofu ya mkataba ni ya bure, kwa sababu si ya bure. Nakuambia tu kwamba hiyo amina inatosha. Mahali pale mnapobadilishia nguo ghalani, si kuna benchi? Kabla ya kufunga kamba za viatu, keti. Usiombe kitu, usiahidi kitu. Ukianza kupanga makasha kichwani, yaache yajipange. Kaa tu, kama mtu aliyefika nyumbani mapema. Siku ya kwanza utajiona mjinga. Ya pili pia. Endelea kuketi. Yeye hakai mbali na mahali penye watu waliochoka.

Na kuna jambo la leo nataka ulijue. Tangu nipone sikuwa nimerudi kwenye kiti kile cha kona. Kazi zilinivuta tena, na nikajiambia, si nimepona, nitakwenda kufanya nini? Asubuhi hii, kabla ya ibada, miguu yangu ikanipeleka yenyewe. Nikafungua saluni, nikakaa chini ya draya mbovu. Siumwi. Sisubiri majibu. Sina hofu yoyote ya kumpelekea. Nimekwenda kwa sababu nilikuwa nimemkumbuka. Kitinda, nilikuwa nimemkumbuka! Furaha iliyonijaa siwezi kuipima, nilikaa pale nikitabasamu peke yangu kama bibi harusi.

Mlango ukafunguka. Ni shemeji yako, ameshavaa tayari kwa ibada, amekuja kunitafuta maana tumechelewa. Nikadhani atasema "twende". Alinitazama, akatazama saa yake, akaivua akaitia mfukoni. Akaja akaketi kwenye kiti cha pili, akainama akaingiza kichwa chake chote kwenye draya ya jirani, yeye na upara wake, akafumba macho. Tulichelewa ibada. Tuliingia wakati wa wimbo wa mwisho, tumeshikana mikono, na hakuna aliyetuuliza tulikuwa wapi.

Shemeji yako anakusalimu, anasema ule ufunguo wa bomba uliomwahidi bado anausubiri. Wapwa zako huku wanamsalimu mjomba wao, yule mdogo anauliza kama baridi ya huko inaweza kuletwa kwa kopo. Shangazi anakusalimu, mguu wake umepungua uvimbe lakini mdomo haujapungua. Twiga anasema SALAMU, kwa herufi kubwa.

Mungu akae nawe kwenye benchi lako, akushike mguu siku ukichoka, na akuongezee mkataba au akufungulie mlango ulio bora kuliko huo. Sisi tupo, tunakuombea, mara nyingine kwa maneno.

Ni mimi nikupendaye, nikisema na nikinyamaza,

Dada yako,
Redio.